Swali Alilolileta Mnadi Maktabani

Ukimuuliza swali, alikujibu kwa swali. Ndiyo maana watu wa hospitali ya chuo walimpa jina la Mama Swali, na jina likamkaa hata mshahara wake ukawa unatafutwa kwa jina hilo. Alikuwa mkutubi wa maktaba ya tiba, chumba kirefu kilichokuwa juu ya kliniki za wagonjwa wa nje, chenye feni inayoguna kama mtu aliyekatizwa usingizi na kompyuta zilizopangwa zikitazama ukuta. Kazi yake haikuwa kuazimisha vitabu tu. Daktari mwenye mgonjwa asiyeeleweka, muuguzi anayeandaa mafunzo, mwanafunzi aliyebanwa na mtihani, wote walipanda ngazi kwenda kwake kutafuta makala za utafiti zilizoandikwa kila pembe ya dunia. Yeye ndiye aliyejua zimelala wapi.

Makala hizo hazilali mahali pamoja. Zimo kwenye kanzidata, yaani maghala ya mtandaoni, na kila ghala lina tabia yake. Mama Swali alizipa kanzidata zake majina ya utani ili wanafunzi wasizisahau. Ile kubwa ya tiba aliiita Babu: inajua mengi na kumbukumbu zake ni za tangu enzi, lakini inataka uiulize kwa maneno inayoyapenda yenyewe, na ukiikosea heshima inakuletea hadithi zisizokuhusu. Ya dawa aliiita Mfamasia. Ile inayokusanya tafiti nyingi za jambo moja, ikazipima na kutoa kauli, hiyo ilikuwa Baraza. Na ya wauguzi, yenye habari za kumgeuza mgonjwa kitandani, kumlisha, kumpunguzia maumivu na kumsikiliza, aliiita Shangazi.

"Jambo la kumwambia shangazi hulipeleki kwa babu," alikuwa akisema. "Babu ataona haya, na wewe utarudi mikono mitupu."

Siku moja mwanafunzi wa udaktari, msichana mwenye haraka, alimjia akilalamika kwamba ametafuta asubuhi nzima asipate kitu.

"Umetafuta wapi?"

"Mtandaoni, mama."

"Mtandaoni ni kama kusema mjini. Mjini wapi?"

Msichana akacheka kidogo. "Nimeandika tu neno kisukari. Zikaja makala mamilioni."

"Sasa ulitaka zije mbili? Umesimama katikati ya soko ukaita 'Mama', halafu unashangaa wanawake wote wamegeuka. Hebu kaa hapa. Unataka nini hasa? Kutibu, kutunza, au kuelewa?"

Msichana akakaa kwenye kiti kilichokuwa ubavuni mwa meza. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya chumba kile: hakuna mkono unaogusa kibodi kabla msomaji hajakaa na kuhojiwa. Wengine walinung'unika, maana walidhani wamekuja kwa mashine, si kwa mahakama. Lakini baada ya kuulizwa hili na lile, ilionekana kwamba msichana hakutaka habari za kisukari hata kidogo. Alitaka kujua kwa nini wagonjwa wake huficha vidonda vya miguuni mpaka vinaoza. Wakaenda kwa Shangazi, wakapata.

Hivyo ndivyo alivyokuwa kazini. Nyumbani ilikuwa habari nyingine, kama ilivyo kwa wengi wetu.

Mumewe alikuwa mpiga mnada. Aliuza samani zilizotumika, makabati ya watu waliohama, vitanda vya hoteli zilizofungwa, na mji mzima ulimjua kwa jina la Mnadi. Sauti yake ilikuwa nene, yenye mikunjo, ambayo ingeweza kukufanya uone kabati lililoliwa na mchwa ni urithi wa wafalme. Mama Swali mwenyewe alimpata hivyo. Alikwenda mnadani kutafuta rafu ya vitabu akarudi na meza yenye mguu mbovu, na alipoulizwa na mama yake kwa nini amenunua takataka ile, hakuwa na la kusema ila kwamba yule mtu aliinadi vizuri. Juma lililofuata Mnadi alikuja kuutengeneza mguu. Meza ikatengemaa, naye akawa amekuja moja kwa moja.

Kwenye meza hiyo ndipo walipokuwa wakisali kila jioni kabla ya chakula: yeye, mumewe na binti yao, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi na bado akikaa kwao. Mnadi ndiye aliyeongoza. Hakuwa na sala za kukariri. Alimweleza Mungu habari za siku kama mtu anayezungumza na jirani ng'ambo ya ua: nani kaumwa, nani kazaa, nani kamtukana bure akamsamehe nusu, na ile nusu nyingine anaomba msaada. Binti alikuwa akibana kicheko. Mama Swali alikuwa akifumba macho na kuisikia sauti ile ikimpitia mgongoni kama mkono. Kwake yeye, Mungu na sauti ya mumewe vilikuwa vimekaa pamoja muda mrefu mno hata asingeweza kusema kimoja kinaishia wapi.

Kisha ikaja saratani ya koo. Mnadi alichomwa mionzi kwa majuma mengi, na mionzi ikafanya kazi yake, ila iliondoka na vingi visivyo vyake. Visima vya mate vilikauka. Kinywa kikawa kama karatasi, ulimi ukagandia juu, na ile sauti ikabaki mkwaruzo unaokatika kila baada ya maneno machache. Madaktari walisema wazi, kwa upole, kwamba ugonjwa umetulia lakini haujaondoka.

Mama Swali akafanya alichojua kufanya. Akatafuta. Kila mapumziko ya mchana alifungua Babu, akaandika jina la ugonjwa na maneno yote ya heshima ambayo Babu huyapenda, akaongeza tiba mpya, majaribio, kupona. Akamfungua na Mfamasia. Akaagiza zote mbili zimletee barua pepe kila inapochapishwa makala mpya. Alizichapa kwenye printa, akazibeba nyumbani kwenye mfuko wa plastiki, akazisoma mezani kwa miwani iliyoteleza puani, akitafuta mahali popote, kwa mtu yeyote, palipoandikwa kwamba mtu kama mumewe alipona.

Mnadi alimtazama tu. "Magazeti yako," alimwambia jioni moja, kisha akanywa maji ili amalizie, "leo yananipa mpaka lini?"

"Usifanye mzaha, baba."

"Mimi ndiye ninayenadiwa. Acha nijue bei imefika wapi."

Binti alicheka, halafu akalia, akaingia jikoni.

Sala ya jioni sasa aliiongoza binti. Mnadi alikaa, midomo ikicheza bila sauti. Baadaye akaacha hata kukaa. Ikifika saa ya sala alinyanyuka polepole, akaingia chumbani na kurudisha mlango. Hilo lilimuumiza mkewe kuliko ugonjwa. Ugonjwa ni wa mwili, mwili ni udongo. Lakini mtu aliyezungumza na Mungu maisha yake yote, kisha akamgeuzia mgongo mwishoni, huyo utamsaidiaje? Alivumilia, akanyamaza, akaomba peke yake akiwa anafua. Mwisho yakamtoka.

"Umemkasirikia Mungu," alimwambia mumewe mlangoni mwa chumba. "Sema tu nijue. Nijue nakuombea nini."

Mnadi alifungua kinywa. Ulimi ukanata. Akatikisa kichwa, akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akageukia ukuta. Mkewe akaelewa kwamba hilo ndilo jibu lenyewe.

Kesho yake, saa ambayo maktaba huwa imetulia, mlango ulifunguliwa akaingia Mnadi. Alikuwa amevaa shati lake la mnadani, la mistari, ambalo sasa lilimning'inia kama limetundikwa kwenye kamba. Mkononi alikuwa na chupa ya maji. Ngazi zilikuwa zimemchosha. Alisimama akishika rafu mpaka pumzi ikamrudia.

"Kuna nini?" Mama Swali alinyanyuka haraka. "Umeanguka? Umekuja na nani, jua lote hili?"

Mnadi akatembea mpaka kwenye kile kiti kilichokuwa ubavuni mwa meza, akakaa, akanywa funda dogo.

"Mimi msomaji," akasema. "Nihudumie."

"Baba, twende nyumbani."

"Daktari akija, unamuuliza anataka nini." Akanywa. "Mwanafunzi akija, unamuuliza." Akanywa tena. "Mimi mwaka wote huu, umenitafutia. Hujaniuliza."

Mama Swali alibaki amesimama. Msaidizi wake, mwanamke mzee aliyekuwa akipanga majarida, aliinama zaidi kwenye rafu kama mtu aliyepoteza sindano. Feni iliguna. Hatimaye mkutubi akaketi, akavuta kiti karibu na meza na kuweka mikono pamoja, kama anavyowafanyia wasomaji wote.

"Karibu, msomaji," akasema. "Swali lako ni nini?"

"Hujauliza lile la mwanzo."

"Kutibu, kutunza, au kuelewa?"

"Kutunza."

"Si kutibu?"

"Sitaki kupona." Akaona uso wa mkewe, akainua kidole kumsubirisha huku akimeza maji. "Leo sitaki kupona. Hilo nimemwachia Mwenyewe. Leo nataka kusema."

"Kusema nini?"

"Sala. Ya jioni. Kwa sauti." Alipumzika. "Unadhani nimemkasirikia? Nawakimbia nyinyi. Nakaa pale nakauka, binti ananitazama kwa huruma. Naona aibu. Maisha yangu yote nimeuza kwa mdomo huu, sasa hata amina inanikwama."

Basi yule mwanamke aliyekuwa akiwafundisha wengine kuuliza akajua kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesimama sokoni akiita Mama. Hakulia hapo. Aliendelea na kazi, maana kazi ndiyo iliyokuwa imemshika asianguke.

"Kinywa kinakauka zaidi saa ngapi?"

"Alasiri. Nikishakunywa kile kidonge cha mchana."

"Ukisema mfululizo, unafika wapi?"

"Sentensi. Sentensi na nusu."

"Maji yanasaidia?"

"Yanapita tu. Kama mgeni asiyevua viatu."

Akageukia kompyuta. Mkono wake ulikwenda kwa Babu wenyewe, kwa mazoea ya miezi. Jina la ugonjwa lilikuwa tayari kwenye kisanduku, limeachwa hapo jana. Alilitazama kidogo, akalifuta. Akafungua Shangazi. Hakuandika saratani kwanza. Aliandika kinywa kikavu, akaongeza mionzi, kisha akaongeza neno ambalo hakuwahi kuliandika katika kutafuta kwake kote: kuzungumza.

Hazikuja nyingi. Aliigeuza kompyuta ili mumewe aone, wakasoma pamoja vichwa vya habari, yeye akimfasiria. Wauguzi wa huku na kule walikuwa wameandika juu ya watu waliokaukiwa vinywa: mafunda madogo ya mara kwa mara badala ya bilauri nzima, hewa ya chumbani kutiwa unyevu, mate ya dawa ya kupuliza mdomoni, kupumzisha sauti, kuzitazama upya dawa nyingine anazokunywa mgonjwa kwa kuwa zipo zinazozidisha ukavu. Makala moja ilisema jambo lililomfanya Mama Swali avue miwani. Ilisema mgonjwa aulizwe ni saa gani ya siku anaitaka sauti yake zaidi, kisha matunzo yote yapangwe kuizunguka saa hiyo.

Alipita na kwa Baraza pia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununua bila kupima. Baraza likasema ushahidi wa mengi ya haya si mzito, mengine huwafaa baadhi ya watu na wengine hayawafai.

"Kwa hiyo?" Mnadi akauliza.

"Kwa hiyo halikuahidi kitu."

"Hata mimi sikuwahi kuahidi mteja. Twende."

Wakashuka kliniki pamoja, ngazi baada ya ngazi. Muuguzi waliyemkuta alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyemhudumia Mnadi tangu mwanzo wa mionzi. Alisikiliza yote mpaka mwisho, akaweka mikono kiunoni.

"Baba, kila ukija nakuuliza unaendeleaje. Wewe unanijibu nini?"

"Nashukuru Mungu."

"Sasa mtu anamshukuru Mungu, mimi nani nimkatize?"

Mnadi akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Muuguzi akampa mate ya dawa, akamwonyesha namna ya kupuliza chini ya ulimi, akaenda kuzungumza na daktari juu ya kile kidonge cha mchana. Daktari akakubali kihamishiwe wakati wa kulala.

Wakaanza. Beseni la maji likawekwa chumbani karibu na dirisha, na kitambaa kilicholowa kikaning'inizwa juu yake. Mafunda madogo. Mate ya dawa. Na kimya. Hilo la kimya ndilo lililokuwa gumu, maana sauti yake ilikuwa kidogo, na kilichotumika mchana hakikuwepo jioni. Ilibidi Mnadi asiseme neno tangu adhuhuri. Mama Swali akirudi kutoka kazini alimkuta barazani, akamsalimu, naye akamjibu kwa macho. Alikuwa na mambo ya kumwambia na ya kumuuliza. Aliyameza. Alikaa karibu naye, bega kwa bega, wakasubiri jua lishuke.

Jioni ya kwanza sauti ilitoka. Haikuwa ile ya mnadani. Ilikuwa nyembamba, yenye vumbi, lakini ilikuwa yake, na ilimweleza Mungu kwamba jirani amepata mjukuu, kwamba binti amechoka na apewe nguvu, kwamba muuguzi wa kliniki ana ulimi mkali na abarikiwe hivyo hivyo. Ilikatika, akapuliza dawa, ikaendelea. Ilifika amina. Binti akasema amina kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mama Swali alimshukuru Mungu, na kushukuru kwake kulikuwa kwa kweli. Lakini jioni zilivyofuatana aligundua kitu ndani yake ambacho hakukipenda. Maneno yote ya mumewe sasa yalikuwa yakienda juu. Baada ya amina kulikuwa hakuna kilichobaki. Walikula kimya, wakalala kimya. Alikuwa amemtafutia sauti yake, akaipata, na yeye mwenyewe hakuwa akiisikia ila ikizungumza na Mwingine. Alitamani aulizwe tu chumvi iko wapi. Alitamani ugomvi mdogo. Alimwonea Mungu wivu, Mungu amsamehe, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa ambaye angemwambia alikuwa akiweka akiba ya maneno.

Sijui Mnadi aliijuaje siri ile. Watu waliokaa pamoja muda mrefu husomana bila kufungua kinywa. Ilipofika wakati ambapo hakuweza tena kutoka chumbani, wakawa wanasali kando ya kitanda. Jioni moja alianza sala, akawataja wachache, akasema amina mapema. Binti akafumbua macho kwa mshangao.

"Sala fupi leo," baba akasema. "Mungu keshanisikia. Habari zangu anazo." Akamwambia binti, "Mwanangu, hebu katutengenezee chai. Usifanye haraka."

Binti akatoka. Mnadi akapuliza dawa chini ya ulimi, akamgeukia mkewe.

"Yaliyobaki ni yako," akasema.

Mama Swali alikuwa amejiandaa kwa neno kubwa. Watu hudhani saa kama hizo huja na maneno makubwa. Yeye alimuuliza kama kawaida yake, "Unataka kusema nini?"

"Ile meza," Mnadi akasema. "Nilijua mguu mbovu."

"Hata mimi nilijua."

"Sasa ulinunua kwa nini?"

"Nani angekuja kuutengeneza?"

Wakacheka, yeye kwa sauti, mumewe kwa mabega. Mnadi akamsimulia habari za mteja mmoja aliyenunua kitanda akakirudisha akidai kinaota ndoto mbaya. Akamuuliza kama yule mwanafunzi mwenye haraka amefaulu mtihani. Akalalamika kwamba mchuzi wa mchana ulikuwa na chumvi nyingi. Sauti ilipungua, ikawa pumzi, ikawa midomo, na mkewe aliinama mpaka sikio likagusa mdomo wake, akiyapokea mpaka la mwisho.

Tangu hapo kila jioni ilikuwa hivyo. Kidogo kwa Mungu, na salio kwake. Jioni hazikuwa nyingi. Mnadi aliondoka asubuhi moja tulivu, amelala, kinywa chake kimelowa maji aliyokuwa amepewa na binti. Mwenyezi Mungu amweke mahali pema, asiwe na kiu.

Mama Swali alirudi kazini. Bado anawakalisha watu kwenye kiti na kuwauliza wanataka nini. Ila sasa, mtu akimwambia ana mgonjwa nyumbani, humuuliza kwanza kama mgonjwa mwenyewe ameulizwa. Wengine huomba ruhusa, wakashuka ngazi kwenda kuuliza.

Jioni, nyumbani, sala huongozwa na binti. Ana sauti nzuri, na siku hizi ameanza naye kumsimulia Mungu habari za shule, watoto wakorofi na mwalimu mkuu. Wakifika amina, binti hunyanyuka kwenda kupakua chakula. Mama yake hanyanyuki. Hubaki ameketi na macho yamefumbwa, kichwa ameinamisha kidogo upande mmoja, kama mtu ambaye bado kuna sehemu yake ya maneno haijamfikia. Binti amezoea. Huweka sahani mezani polepole, bila kelele, na kumsubiri.